Ukurasa Wetu, Funguo za Nani?



Katika mkutano mkuu wa chama chetu uliofanyika mwaka jana hapa London Mashariki, mjumbe mmoja alisimama akataka suala la tovuti liondolewe kwenye ajenda. Hoja yake ilikuwa fupi: tuna grupu la WhatsApp, habari zote zimo humo, fedha za tovuti zitumike kwenye sherehe ya Idi. Akapigiwa makofi. Sisi tulikaa kimya, maana saa zilikuwa zimekwenda na mwenye ukumbi alikwisha kuanza kuzima taa. Lakini kimya kile hakikuwa cha kukubali, na makala hii ndiyo jibu lililotukwama kooni siku ile.

Tuanze kwa kukiri, maana mwenye kulaumu wenzake bila kujilaumu mwenyewe hasikilizwi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chama hiki kilikuwa na ukurasa wake kwenye intaneti. Uliandikwa na katibu wetu wa wakati huo, mama aliyekuwa akifanya kazi ya usiku ya kutunza wazee, akirudi asubuhi na kulala saa nne tu, na alasiri akienda kukaa mbele ya kompyuta ya maktaba ya mtaa. Hakusomea kompyuta hata siku moja. Alichokuwa nacho ni kihariri kilichomo ndani ya kivinjari. Unafungua tovuti ya kampuni inayogawa nafasi ya bure, unaingiza neno la siri, unapata kisanduku cheupe chenye safu ya vitufe juu yake. Unaandika kama uandikavyo barua, unabofya kuhifadhi, na dakika ileile mtu aliye Muscat au Toronto anasoma.

Sisi tuliosomea uhandisi katika vyuo vya hapa tulimcheka. Tulisema huo si ufundi, ni kuchezea vitufe. Fundi wa kweli, tulisema, huandika tagi zake kwa mkono, moja baada ya moja, katika faili tupu. Tukamwahidi kwamba tutaitengeneza tovuti ya maana, yeye apumzike. Tovuti hiyo ya maana haijatoka mpaka leo. Yeye aliendelea.

Alichokiweka pale mtu hawezi kukiorodhesha chote. Matangazo ya misiba, na hesabu za michango ya kusafirisha maiti nyumbani, nani alitoa pauni ngapi na zilitumikaje, kwa uwazi ambao kamati zilizofuata hazijaufikia. Mashairi ya wanachama, mengine mazuri, mengine yalihitaji huruma ya msomaji. Na zaidi ya yote, maisha ya mzee wetu mmoja baharia kutoka Tanga, aliyefika bandari za London akiwa mpishi wa meli. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi katibu alikwenda kwake na daftari, mzee akasimulia, yeye akaandika. Zilipatikana sehemu kumi na nne.

Kampuni ile hatuitaji. Ilikuwa ndogo na imekwisha kufa. Siku ilipoamua kufunga huduma ya bure ilituma onyo kwa baruapepe, na onyo likaenda kwenye anwani ya mweka hazina aliyekuwa amehamia Kanada na ambaye hakuifungua anwani ile tena. Muda ukapita, kila kitu kikafutwa. Tuligundua baada ya miezi kadhaa, mtu alipotaka kumwonyesha mgeni shairi lake. Hakuna aliyekuwa na nakala, hata katibu mwenyewe. Kwa nini awe nayo? Aliandika ndani ya kivinjari, na maneno yake hayakupata kukaa kwenye kompyuta yake hata usiku mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu lenyewe ndilo lililopotea.

Kama mnadhani hayo ni ya watu wazembe peke yao, tazameni yaliyowapata wakubwa. GeoCities ilianza Marekani mwaka 1994 ikagawa nafasi za bure kwa yeyote. Wakaaji wake walipangwa kwa mitaa, kila mtaa na jina lake, na mtu aliyechoka kuandika tagi alipewa chombo cha kupangia ukurasa humohumo ndani ya kivinjari. Mwaka 1999 Yahoo ikainunua kwa mabilioni ya dola. Mwezi Oktoba 2009 Yahoo ikaifunga. Mamilioni ya kurasa, zikiwemo za watu waliokwisha kufariki na ambao hawangeweza kuja kuchukua vyao, zilikuwa zifutwe. Zilizopona zimepona kwa sababu kikundi cha watu wa kujitolea, Archive Team, kilikesha kikizinakili kabla ya siku ya mwisho, na Internet Archive ya San Francisco nayo ikachukua ilizoweza. Kurasa za Kiswahili zilizokuwamo hazikuwa na wa kuzililia.

Sasa hapa ndipo tunapotofautiana na wahandisi wenzetu, ambao wakisikia mkasa kama huu hukunja mikono wakasema: tuliwaambia, vihariri vya ndani ya kivinjari ni vya watoto. Hapana. Kihariri hakikuwa na kosa. Kwa hakika, kihariri ndicho kilichokuwa haki yetu tangu mwanzo tukanyang'anywa.

Tim Berners-Lee, mzaliwa wa London, alipoandika kivinjari cha kwanza kule CERN, Geneva, mwishoni mwa mwaka 1990, programu ile ilikuwa inasoma na kuhariri kwa pamoja. Ulifungua ukurasa, ukauona, ukaweka kishale katikati ya sentensi ukarekebisha. Kwake yeye wavuti ilikuwa mahali pa kuandikia kama ilivyokuwa mahali pa kusomea. Lakini programu hiyo ilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT tu, ambazo wachache walikuwa nazo. Ilipotafutwa njia ya kuwafikia wenye mashine nyingine, sehemu ya kuandika iliachwa kwa sababu ilikuwa ngumu. Mosaic ya mwaka 1993, iliyowaletea watu wengi wavuti kwa mara ya kwanza, ilisoma tu. Sisi tulikuwa wanafunzi wakati huo, tukaikuta kwenye maabara, na hatukujiuliza kwa nini dirisha hili halina mlango. Tuliona ajabu ya picha kutokea kwenye kioo, tukaridhika. Hivyo ndivyo kizazi kizima kilivyozoeshwa kwamba kuandika wavuti ni kazi ya mafundi, na wengine ni watazamaji.

Mlango ulirudishwa kidogokidogo. Mwaka 1995 Ward Cunningham alitengeneza tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kubofya na kuihariri, akaiita kwa neno la Kihawaii, wiki wiki, maana yake upesi upesi, kwa kurudufu neno vilevile tunavyorudufu sisi. Mwaka 2000 Internet Explorer 5.5 ilikuja na uwezo wa kuifanya sehemu yoyote ya ukurasa iandikike, na Mozilla ikafuata na njia yake mwaka 2003. Hapo ndipo vile visanduku vyenye herufi nene na za mlazo vilipoenea kila mahali.

Na Waswahili hawakulala. Mwaka 1994, hata kabla ya wiki ya kwanza, Martin Benjamin alianzisha pale Chuo Kikuu cha Yale kamusi ya Kiswahili ya kwenye intaneti, ambayo wasemaji wenyewe walichangia maneno yao. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na leo ina makumi ya maelfu ya makala, nyingi zikiwa zimeandikwa na watu wasiojua tagi hata moja. Katikati ya miaka ya 2000 Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe kwa Kiswahili akiwa Marekani, na mpigapicha Issa Michuzi akaanza ukurasa wake mwaka 2005 akiwa Helsinki. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesubiri kibali cha mhandisi. Kama kila mtu angelazimishwa kuandika tagi kwa mkono, kama tulivyotaka sisi wajuaji, Kiswahili kwenye intaneti kingekuwa na kurasa za vyuo vikuu na za wamisionari tu.

Kwa hiyo hatuji mbele yenu kukisema vibaya kile kisanduku cheupe. Tunakuja kuuliza kisanduku kile kiko katika nyumba ya nani.

Lakini kabla ya hapo, neno moja la ufundi, maana ndilo tunalolijua. Kihariri cha ndani ya kivinjari hakiandiki unachokiona. Nyuma yake kinaandika tagi, na zamani kila kivinjari kiliandika kwa namna yake: ukibonyeza kitufe cha kushuka mstari, Internet Explorer iliweka aya mpya, Mozilla ilikata mstari tu, na vya jamii ya Safari viliweka kigawanyo. Ukinakili tangazo kutoka Microsoft Word ukalibandika, taarifa ya mistari mitano ilikuja na uchafu wa mistari hamsini usioonekana. Haya wenye kuandika vihariri wameyasafisha kwa sehemu kubwa. Yaliyobaki ni yale yanayotuhusu sisi peke yetu, na kwa hiyo hakuna wa kutusafishia.

Andika Kiswahili katika kihariri kilichowekwa kwa Kiingereza uone. Kila neno linapigiwa mstari mwekundu, kana kwamba mwalimu mkali amesahihisha insha nzima na kuikataa. "Hii" inakatwa ikawa salamu ya Kizungu. Alama ya ng'ombe inapindishwa kuwa ya nukuu, na baadaye mtu akitafuta neno hilo kwa alama iliyonyooka huenda asilipate. Na baya kuliko yote halionekani kabisa: mwanzoni mwa ukurasa huwa kuna tamko la lugha, na vihariri vingi hutamka Kiingereza bila kukuuliza. Basi mzee wetu asiyeona vizuri, anayesomewa ukurasa na mashine, atasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, kelele tupu. Dawa yake ni herufi mbili, sw, mahali palipoandikwa en. Ni kazi ya dakika moja kwenye ukurasa wa mipangilio. Tumezitazama kurasa kadhaa za vyama vya Waafrika Mashariki hapa Uingereza, na nyingi zinajitangaza kuwa za Kiingereza huku ndani yake hamna hata sentensi moja ya Kiingereza.

Turudi kwa mjumbe wetu na grupu lake. Ndugu yetu, hatusemi grupu livunjwe. Grupu ni baraza, na baraza lina raha yake: salamu, utani, habari za mechi, picha za bwana harusi. Lakini ni mzee gani aliyepata kuweka hati ya shamba lake barazani? Kinachoandikwa kwenye grupu kinazikwa na salamu za asubuhi za siku inayofuata. Kijana aliyefika jana kutoka Dar es Salaam, akitaka kujua chama kinasaidiaje mtu aliyefiwa, hawezi kukitafuta akakipata. Lazima kwanza amjue mtu atakayemwingiza. Simu ya mtu ikiibiwa, na wengi hawaweki akiba, miaka yake minane ya kumbukumbu huenda ikaondoka na mwizi. Na mwenye nyumba ni yuleyule wa siku zote. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, na katika mazungumzo yale hakuna aliyeulizia maoni ya wapangaji.

Mwingine atasema tumlipe fundi atutengenezee. Sawa, lakini kwa jina la nani? Tunakijua chama kimoja ambacho domeni yake ilisajiliwa na fundi kwa jina lake mwenyewe. Walipogombana kwa ajili ya pauni mia mbili, chama kikaambiwa kinunue jina lake upya. Mpaka leo kinatumia jina lenye kistari katikati, na ukikosea kistari unaangukia kwenye tangazo la bima ya magari.

Tunachokitaka sisi si kikubwa. Chama kisajili domeni kwa jina la chama, na anwani ya mawasiliano iwe ya ofisi, isiwe ya mtu anayeweza kuhamia Kanada. Bei yake kwa mwaka haifiki sahani mbili za biriani pale Green Street. Kikodishe nafasi kwenye seva, kiweke humo programu huria kama WordPress, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2003 na yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuihamisha. Ndani yake mna kisanduku kilekile cheupe, na katibu wa sasa ataandika vilevile alivyoandika yule mama. Tofauti ni kwamba mwenye seva akifunga duka tunabeba faili zetu na kuhamia kwa jirani, na anwani yetu haibadiliki. Kila mwisho wa mwezi nakala nzima ishushwe kwenye diski mbili, katika nyumba mbili tofauti. Mbili, si moja. Wabarawa wa hapa London, ambao Chimwini chao ni ndugu wa Kiswahili chetu, walichomewa moto kituo chao cha Muswell Hill mwezi Juni 2013, jengo likateketea. Tangu siku ile hatuamini kitu kilichowekwa chini ya paa moja.

Na domeni hiyo iishie kwa uk. Hapa wengi hawajui wanachokikosa. Tangu Aprili 2013 sheria ya nchi hii inaziruhusu British Library na maktaba wenzake kunakili kurasa za Uingereza bila kumwomba mtu ruhusa, na kurasa zenye anwani za uk ndizo zinazotambulikana kirahisi kuliko zote. Yaani serikali ya Mfalme iko tayari kuhifadhi matanga yetu na mashairi yetu bure, na sisi tunakwenda kuyaweka kwa mtu wa California atakayeyafuta akichoka! Tusiitegemee peke yake, ni kweli. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa na wahalifu wa mitandaoni, na kwa muda mrefu hazina yake ya kurasa za wavuti haikufunguka. Ndiyo maana tunasema diski mbili.

Kuna jambo linalotuudhi zaidi ya hayo, na tuliseme. Panda treni ushuke Russell Square, ingia maktaba ya SOAS, omba nyaraka za Taylor. Mtaletewa mashairi ya Muyaka, mtu wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, kabla ya taa ya umeme. Yamesalia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikaa akayakusanya kutoka vinywani mwa watu, akayaandika kwa wino juu ya karatasi. Karatasi ile imevuka bahari, imepita vita viwili vikuu, na ukiwa unazijua herufi zake utaisoma leo baada ya chai. Katibu wetu alifanya kazi ileile ya Mwalimu Sikujua, katika mji uleule ambamo nyaraka hizo zimehifadhiwa, akiwa na chombo cha kisasa mara elfu. Kazi yake haikumaliza miaka kumi. Sisi wahandisi tulikuwepo. Tulijua namna ya kutoa nakala. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Tulikuwa tunacheka.

Mzee baharia alifariki miaka michache baadaye. Baada ya mazishi binti yake alitufuata penye sufuria za chakula akauliza, kwa adabu, kama anaweza kupata zile habari za baba, kwa kuwa wajukuu wanaozaliwa hapa hawakupata kumsikia akisimulia. Alidhani ziko. Alidhani kitu kilichokuwa kwenye intaneti hakipotei, kama alivyosikia ikisemwa. Tukamwambia tutatazama.

Kilichopatikana ni karatasi tatu. Mwanachama mmoja wa Barking alizichapa zamani ili amsomee mama yake, akazikuta ndani ya Kurani chakavu. Ni sehemu ya sita na nusu ya saba: meli iko Bahari ya Shamu, mpishi mkuu ameugua, kijana wa Tanga anaambiwa apike wali wa watu thelathini kwa mara ya kwanza, na mchele una wadudu. Hapo karatasi inaisha. Hatujui kama wali uliiva.

Tumezichapa upya karatasi hizo, ndani ya kivinjari, katika tovuti tuliyoifungua kwa majaribio kwa jina la chama, tamko la lugha likiwa sw, nakala moja East Ham na nyingine Leyton. Tumempa binti anwani. Hoja ya tovuti tumeiandikisha tena kwenye ajenda ya mkutano ujao, na kwa kuwa kanuni tunazopendekeza zinataka washika funguo wawili, tumemwandikia mjumbe yule aliyepigiwa makofi tukimwomba awe wa pili. Tulimwandikia kwenye grupu. Tunaona ujumbe umesomwa.